Uzi: Gombe, kutoka ufukweni Kasekela mpaka mgongoni na kurudi siku moja. Tupangeni

Mnyamwezi_Mtembezi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Tuko saba, wote wa Tabora mjini. Katikati ya Julai tunataka kupanda Gombe, ile hifadhi ya sokwe kaskazini ya Kigoma: tuanzie ufukweni Kasekela yalipo mapokezi, tufike juu kabisa kwenye mgongo wa Bonde la Ufa, tulione ziwa lote chini yetu na milima ya Kongo ng'ambo, halafu tushuke siku hiyo hiyo. Sokwe tukiwaona sawa, tusipowaona sawa, sisi shida yetu ni mlima na ziwa.

Mpango wa awali: treni mpaka Kigoma, tunalala mjini, alfajiri tunachukua boti mwalo wa Kibirizi, tunapanda, jioni tunarudi mjini. Kila mtu anabeba chupa moja ya maji ya lita 1.5 na chapati. Wote wazima, watano wanacheza mpira kila wiki. Tumesahau nini?

---

Buti_na_Fimbo

Mmesahau jua. Mengine yanarekebishika.

Tuanze na vipimo kwanza. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 770 na ushee juu ya bahari. Mgongo wa Gombe unapita mita 1,500. Kwa hiyo kuna mita 750 na zaidi za kupanda, na kwa mstari ulionyooka kutoka mchangani mpaka juu ni kama kilomita 3 tu. Gawanya mwenyewe uone ukali wake. Tabora yenu iko mita 1,200 hivi, hivyo wembamba wa hewa usiwape presha, huko juu mtakuwa mmepita kwenu kwa mita mia tatu na kidogo. Kazi iko kwenye mwinuko na joto.

Sasa jua. Kigoma iko magharibi kabisa ya nchi lakini saa yetu ni moja na Dar. Katikati ya Julai jua la Kigoma linachomoza saa 1:10 asubuhi na kuzama saa 1 na dakika chache jioni. Dar linakuwa limechomoza tangu saa 12 na nusu na kidogo. Nyie wa Tabora mnapishana na Kigoma dakika kama 12, si nyingi. Jambo la kushika ni hili: jua la utosini Kigoma si saa 6, ni saa 7 na dakika kadhaa. Ule ukali ambao Dar unauzoea saa 8 mchana, hapa unaukuta karibu saa 9.

La pili: mteremko wote wa Gombe unatazama magharibi, ziwani. Asubuhi mlima wenyewe unawakinga. Jua likishachomoza, ufukwe unakaa kivulini zaidi ya saa nzima mpaka liruke mgongo, na ukiwa katikati ya mpando kivuli kinaweza kukufuata mpaka karibu saa 3. Mchana mambo yanageuka. Kuanzia saa 8 jua linapiga mteremko uso kwa uso na kwenye nyasi za juu hakuna mti wa kukusitiri.

Kwa hiyo anayeanza kupanda saa 1 asubuhi anamaliza zaidi ya nusu ya mpando kivulini. Anayeanza saa 3 na nusu anapanda wote juani. Njia ni ile ile na mtu ni yule yule, ila huyu wa pili atakunywa maji mara mbili na kufika juu amekwisha.

Sasa angalieni mpango wenu. Boti ya kukodi ikiondoka Kibirizi saa 12 asubuhi, na hapo ni giza, mnafika Kasekela karibu saa 2. Mapokezi, malipo, maelezo ya hifadhi, kupangiwa muongoza wageni: saa 3. Kivuli kimeisha kabla hamjafunga kamba za viatu.

Laleni Kasekela usiku wa kuamkia. Safari ya siku moja Gombe inataka usiku mmoja Gombe, hapo sina mjadala.

---

Nahodha_wa_Kibirizi

Naongezea upande wa maji.

Boti za abiria za kwenda kaskazini (Mwamgongo, Kagunga) huondoka Kibirizi mchana na asubuhi ndiyo zinakuja mjini na watu wa sokoni. Zinapita Gombe na kushusha. Kwa ratiba hiyo haiwezekani kwenda na kurudi siku moja kwa boti ya abiria, labda mkodi. Lakini mkifuata ushauri wa Buti wa kulala, boti ya abiria inawafaa vizuri: mnaondoka mchana, mnafika jioni, mnalala, mnapanda kesho yake, mnalala tena, keshokutwa asubuhi mnadaka ya kurudi. Boti ya abiria hesabu mwendo wa saa 3 hivi, maana inasimama kila kijiji. Jumapili msiitegemee kabisa.

Mkikodi, ulizeni haya kabla ya bei:

Majaketi ya kuokolea ni mangapi? Yawe saba ya abiria pamoja na ya wafanyakazi wa boti, na kila mtu avae lake tangu mnaondoka. Jaketi lililokaliwa kama mto halimsaidii mtu boti ikipinduka.

Mafuta: ya kwenda, ya kurudi, na nusu ya kurudi juu yake. Sababu ni upepo. Juni mpaka Agosti upepo wa kusini ndio mwenye ziwa. Kigoma iko kusini ya Gombe, kwa hiyo mnakwenda mkisukumwa na mnarudi mkipigwa usoni. Boti inarukaruka, nahodha anapunguza mwendo, mafuta yanakwenda. Safari ya saa moja na nusu inakuwa mbili na nusu bila injini kuwa na kosa lolote.

Kama injini ni ya kuchanganya oili, dumu la lita 20 la petroli linataka mililita 400 za oili kwa kipimo cha 1 kwa 50. Muulize nahodha kachanganya wapi na lini. Anayekisia kwa macho, oili ikizidi plagi zinachafuka na injini inakohoa katikati ya ziwa, ikipungua pistoni inakwama. Awe na plagi za akiba, spana yake, pini ya propela ya akiba na kafi mbili. Akikasirika kwa kuulizwa hayo, tafuta mwingine, boti ni nyingi.

Jambo la mwisho: msipange kurudi ziwani jioni mkitoka mlimani. Mtu aliyechelewa kushuka anamharakisha nahodha, naye anayeharakishwa gizani na mawimbi yakiwa mbele yake hufanya maamuzi ya hovyo.

---

Mbishi_wa_Mwanga

Mnawatisha wageni bure. Mita 750 ni saa mbili kwa kijana. Watu wa vijiji vya juu wanashuka na kupanda kingo hizi na mizigo kichwani. Boti saa 11 alfajiri, saa 1 wapo Kasekela, saa 4 juu, saa 7 chini.

---

Buti_na_Fimbo

Mbishi, mtu aliyezaliwa kwenye kingo hizi si kipimo cha mchezaji mpira wa Tabora, ambako ardhi imelala kama meza.

Kanuni ya wapanda milima ni saa 1 kwa kila kilomita 5 za njia, kisha unaongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ikizunguka ikafika kilomita 5, hiyo ni saa 1 na saa 1 na robo: saa 2 na robo. Kanuni hiyo ni ya mtu aliyezoea, kwenye baridi, njia imara. Kwa Gombe zidisha kwa moja na nusu, unapata karibu saa 3 na nusu. Kundi la saba linakwenda kwa mwendo wa yule wa nyuma kabisa na linasimama kila mmoja wao anapofunga kiatu. Wapeni saa 4.

Halafu boti ya saa 11 alfajiri mwezi Julai ni saa mbili za giza ziwani. Na nyavu za dagaa zinakuwa bado majini. Nahodha atakujibu.

---

Nahodha_wa_Kibirizi

Nimjibu nini. Nyavu, mitumbwi isiyo na taa, na abiria wenye usingizi. Hapana.

---

Dada_wa_Bangwe

Upande wa hifadhi.

Msituni haingii mtu bila muongoza wageni. Kwa watu saba ombeni wawili hata kama mnaweza kwenda na mmoja. Mmoja wenu akiteguka kifundo saa 5 juu kule, muongozaji mmoja anashuka naye na mwingine anabaki na kundi. Mkiwa na mmoja tu, wote saba safari imeisha.

Semeni mapema, wakati mnaweka nafasi, kwamba mnataka mgongoni. Wageni wengi wanaishia maporomoko ya Kakombe na Kilele cha Jane, pale Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alipokuwa akikaa na darubini baada ya kufika Julai 1960. Ukiomba mgongoni asubuhi ile ile unaweza kupewa muongozaji ambaye jana yake alikuwa milimani siku nzima, au ukaambiwa njia imefunikwa na nyasi. Ukisema mapema wanajipanga. Malipo yanakwenda kwa namba ya malipo, kwa benki au simu, kwa hiyo malizeni mkiwa Kigoma mjini, mtandao wa mabondeni si wa kutegemea. Vyumba vya Kasekela ni vichache na Julai ndiyo wakati wa wageni wengi. Shikeni nafasi kwanza, tiketi za treni baadaye, na msipange kushuka treni na kupanda boti siku moja. Treni ikichelewa saa tano mnapoteza vyote viwili. Anayeona treni inamchosha kuna basi la Urambo, Kaliua, Uvinza.

Sokwe: hata kama si shida yenu, wanaweza kuwakuta njiani. Umbali ni mita 10 au zaidi, barakoa usoni, hakuna kula wala kunywa mbele yao, hakuna kutema mate. Wakija upande wenu mnasogea pembeni ya njia, mnakaa pamoja, mnawaacha wapite. Mwenye mafua, kikohozi au homa anabaki chini, na hapa sitanii. Mwaka 1966 polio iliwaingia sokwe wa Gombe, wengine wakafa na wengine wakalemaa. Magonjwa ya kifua ya binadamu yanawaua vile vile. Mkubaliane kabla ya safari kwamba atakayeamka anakohoa hatapanda na hatarudishiwa hela, ili asifiche.

---

Mnyamwezi_Mtembezi

Asante dada. Mwenzetu mmoja anauliza kama anaweza kuja na mtoto wake wa miaka 12, ana nguvu kuliko baba yake.

---

Dada_wa_Bangwe

Chini ya miaka 15 haruhusiwi kuingia msituni. Anaweza kubaki ufukweni na mtu mzima. Sheria hiyo ina sababu nzito: sokwe huwinda wanyama wengine, mbega wakiwemo, na mwaka 2002 sokwe dume aliyeitwa Frodo alimnyakua mtoto mchanga na kumuua ndani ya hifadhi. Mtoto wa 12 si mchanga, lakini msitafute njia ya kuzunguka.

Na hapo ufukweni tatizo ni nyani. Wanajua mlango usiofungwa, wanajua mfuko wa rambo una nini. Usitembee na ndizi mkononi, usiache begi kwenye baraza hata kwa dakika ya kwenda chooni. Nyani akishashika kitu usivutane naye, ana meno marefu kuliko ya chui.

---

Maji_na_Chumvi

Lita 1.5 kwa mtu mmoja? Hapo ndipo safari nyingi za kingo hizi zinapofia.

Kwa mpando huu na joto hili hesabu lita 4 kwa mtu, kuanzia kifungua kinywa mpaka mrudi. Nusu lita mnywe kabla ya kuondoka, lita 3 na nusu begini. Msisahau waongozaji, wanakuja na maji yao lakini akiba haiozi. Watu saba mara lita 3 na nusu ni lita 24 na nusu, yaani chupa kubwa 17. Nunueni Kigoma mjini. Uzito ni karibu kilo 3 na nusu kila mmoja wakati wa kuondoka, unapungua njiani.

Vijito vya Gombe vinatiririka hata kiangazi, maji ni masafi kwa macho na yanashawishi. Juu yake wanakaa nyani, sokwe na nguruwe pori. Kuyanywa mabichi ni kujitafutia kuhara. Kama mtayatumia, yachemsheni mpaka yatokote kwa dakika moja kamili, au tumieni vidonge vya klorini kwa kipimo cha pakiti na kungojea muda ulioandikwa, kwa kawaida nusu saa. Kidonge kimoja cha dumu la lita 20 usikitumbukize kwenye chupa ya lita moja ukadhani unakuwa salama zaidi. Na msikae mkiloweka miguu vijitoni au kwenye majani ya pembeni mwa ziwa, kichocho kinaingia kupitia ngozi. Kuvuka kwa kukanyaga mawe hakuna neno.

Chumvi: anayetoka jasho saa nne na kunywa maji matupu tu atapata kichwa, kichefuchefu na misuli ya paja kukaza. Chupa moja kati ya kila tatu iwe na sukari na chumvi. Kipimo cha lita moja ni vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kilima. Kwenye chupa ya lita 1.5 ni 9 na robo tatu ya kijiko. Onja: isizidi chumvi ya machozi. Changanyeni usiku, asubuhi hakuna atakayekumbuka.

Chakula: chapati sawa, karanga za kukaanga zenye chumvi, viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi mbivu ngumu kidogo zisipondeke. Kula kidogo kila saa. Dagaa na migebuka ya kukaanga acheni kwa ajili ya jioni, harufu yake inaita nyani na ina kiu ndani yake. Maganda yote yanarudi chini kwenye mfuko, hata la ndizi.

Dalili za kuzidiwa na joto: mtu anaacha kuongea, anajikwaa pasipo na jiwe, ngozi baridi yenye jasho jingi. Mkalisheni kivulini, mlegezee nguo, mmwagie maji shingoni na kumpepea, anywe ile ya chumvi kwa funda ndogo. Akiweweseka au akaacha kutoka jasho, hakuna kusubiri apate nafuu: poozeni kwa maji yote mliyo nayo na mtu ashuke kuita msaada.

---

Fundi_Viatu_Ujiji

Watu wanajiandaa kwa kupanda, na kuumia wanaumia wakishuka.

Udongo wa mteremko wa Gombe kiangazi ni mkavu, juu yake kuna changarawe ndogo na nyasi zilizolala. Soli iliyolika inateleza juu ya vile vijiwe. Geuza kiatu: kama meno ya kisiginoni yamebaki chini ya milimita 3, kiache nyumbani. Raba za mpira wa uwanjani hazifai, zina njumu za plastiki ngumu zinazoteleza juu ya mawe. Mnataka kiatu cha kamba, chenye soli ya mpira laini yenye meno, kinachoshika kisigino. Kipya kisivaliwe siku hiyo. Kivae wiki tatu mjini na soksi zile zile utakazopandia.

Kupanda, kamba legeza kidogo vidoleni. Kabla ya kushuka, kila mtu akae chini afunge upya: sukuma kisigino nyuma mpaka mwisho, kaza kamba juu ya kifundo. Hiyo inazuia kidole gumba kugonga mbele. Kucha zikatwe siku mbili kabla.

Soksi pea mbili, moja begini. Sehemu ikianza kuwaka moto, simamisha kundi hapo hapo na ubandike plasta kabla lengelenge halijatoka. Aibu ya kuwasimamisha wenzako dakika tano ni ndogo kuliko ya kubebwa.

Fimbo: moja kwa kila mtu, urefu wa kufika kiwiko ukiwa umesimama. Wakati wa kushuka inatangulia, halafu mguu. Hatua fupi, goti limekunjwa, uzito juu ya mguu wa mbele. Ukiogopa ukaegemea nyuma ndipo kiatu kinapokimbia na unakalia mkia.

Mazoezi Tabora, mkiwa na wiki sita: ngazi za ghorofa au vile vilima vya mawe, mara tatu kwa wiki, na begi la kilo 6. Kazi iwe kushuka polepole. Mpira unajenga pumzi, haujengi paja la kushukia.

---

Kijana_wa_Katonga

Swali dogo. Kwa nini wasiende Nkungwe kule Mahale? Ndio mlima wenyewe, huu wa Gombe ni kilima.

---

Buti_na_Fimbo

Nkungwe ni mita 2,462. Kutoka ziwani ni karibu mita 1,700 za kupanda, zaidi ya mara mbili ya hizi. Ule ni mlima wa kulala njiani na askari mwenye bunduki, maana Mahale kuna nyati na wanyama wengine wakubwa. Tena uko zaidi ya kilomita 100 kusini ya Kigoma kwa maji. Mtu asiuingize kwenye mjadala wa siku moja.

Niseme jinsi ya kupita, maana hilo halijaguswa. Ombeni kupanda kwa kigongo cha wazi kupitia Kilele cha Jane, asubuhi kikiwa kivulini, na kushuka kwa bonde la Kakombe mchana, kama waongozaji wanasema njia ya bonde iko wazi. Vigongo vya Gombe ni nyasi na miti ya miombo isiyo na kivuli cha maana. Mabondeni ndiko kwenye msitu mnene na vijito. Ukifanya kinyume chake, unapita msituni kukiwa na ubaridi usiouhitaji na unashuka kigongoni jua likikuchoma usoni.

Bondeni mtakutana na siafu wakivuka njia. Usisimame kuwatazama, ruka au zunguka, suruali imechomekwa ndani ya soksi. Kuna upupu pia pembeni, hasa Julai maganda yakiwa yamekauka, kwa hiyo mikono mirefu. Nyoka wapo, kifutu na swila, na kifutu hakimbii, analala njiani akitegemea rangi yake. Fimbo mbele, mkono usishike jiwe au gogo usiloliona upande wa pili. Akiuma mtu: usifunge kamba, usichanje, usinyonye. Mguu usichezeshwe, ufungwe na kipande cha mti, mtu abebwe. Machela inatengenezwa kwa fimbo mbili ndefu na kanga mbili, kwa hiyo kanga mbili ziwe kwenye mizigo. Kutoka mgongoni mpaka Hospitali ya Maweni, Kigoma mjini, ni saa kadhaa za kubebana, kisha ziwa. Fikirieni hilo kila mtu anapotaka kutoka nje ya njia apige picha.

Saa ya kugeuka: saa 7 mchana, popote mlipo. Hata kama mgongo unauona. Giza chini ya miti linaingia kabla ya ziwani, na jua likishazama huku mwanga unakatika ndani ya dakika ishirini na kitu. Tochi ya kichwani kila mtu, betri mpya.

Kuhusu kuona Kongo: Julai hewa huwa na vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa, ng'ambo inaweza kuwa ukungu mtupu. Wanaotaka kuona mbali waje mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, mvua ikiwa imesafisha hewa na ardhi imeanza kukauka. Novemba mpaka Aprili ni mvua, mteremko ni utelezi, achaneni nao.

---

Mnyamwezi_Mtembezi

Nimebadilisha kila kitu. Rasimu mpya:

Jumatano: tunafika Kigoma, tunanunua maji, tunalala.
Alhamisi: boti ya abiria ya mchana, Kasekela jioni, tunachanganya maji ya chumvi.
Ijumaa: kuamka saa 11, chai, kuondoka saa 1 kamili. Juu saa 5. Kukaa juu mpaka saa 8. Chini saa 11. Kuoga ziwani.
Jumamosi: boti ya asubuhi.

Waongozaji wawili, lita 3 na nusu begini, saa ya kugeuka saa 7. Mtoto anabaki Tabora.

---

Buti_na_Fimbo

Ijumaa ina tatizo. Mkikaa juu mpaka saa 8 mnashuka katika saa mbaya kuliko zote, na saa 8 imeipita saa yenu wenyewe ya kugeuka. Mkifika saa 5, kaeni saa moja na nusu, kuleni, fungeni viatu upya, saa 6 na nusu mnaanza kushuka. Kushuka wapeni saa 3, mnakuwa chini saa 9 na nusu. Mnabaki na saa tatu na nusu za mwanga, na hizo ndizo za kubebea mtu akiumia. Msizitumie kwa picha.

Wekeni na kituo cha kujipima: saa 3 asubuhi muwe mmepita nusu ya mpando. Kama hamjapita, yule wa nyuma na mwenzake mmoja wanashuka na muongozaji mmoja, wengine wanaendelea. Semeni hivyo Alhamisi usiku, mezani, kila mtu asikie.

---

Fundi_Viatu_Ujiji

Kuoga ziwani oga mbali na majani na mdomo wa kijito, kwenye mchanga au mawe safi, kisha ujikaushe na taulo mara moja. Mwenye malengelenge asiyapasue kabla ya kuoga.

---

Mnyamwezi_Mtembezi

Nimerekebisha. Swali la mwisho kwa Nahodha: Jumamosi asubuhi boti inatuchukuaje pale Kasekela? Tunapiga simu?

---

Nahodha_wa_Kibirizi

Waambieni mapokezi Ijumaa jioni, wao wanajua zipi zinapita. Boti zinatoka Mwamgongo mapema, kwa hiyo muwe ufukweni na mizigo alfajiri, kabla ya jua. Mkiiona inakuja kutoka kaskazini mpungieni kitambaa cheupe, itasogea. Tangu ziwa lipande miaka ya karibuni fukwe nyingi zimeliwa na boti haiwezi kukaa pwani kama zamani, kwa hiyo mtapanda maji yakiwa magotini. Viatu vya mlimani begini, vaeni kandambili. Simu zote kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Na bei ya mtu na ya mzigo muulize kabla mzigo haujaingia botini.